Vakyumu ya ukutani imepoteza nguvu: mwaga ndoo kwanza, kisha ifuate hewa

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna mwaka wa pili tangu tununue nyumba hapa Calgary, Kanada, ilijengwa 1993. Gerejini kuna mtungi mkubwa umefungwa ukutani. Mume wangu alidhani ni wa maji ya moto, kumbe jirani ametuambia ni vakyumu ya nyumba nzima, na mpira wake mrefu tukaukuta kabatini. Tumeitumia miezi kadhaa. Sasa inavuta kwa shida, inatoa harufu kama ya mbwa aliyelowa, na baada ya dakika kumi hivi inazima yenyewe. Hatujawahi kumwaga chochote. Naogopa kuufungua huo mtungi. Unafunguliwaje, unasafishwaje, na yale mabomba yaliyo ndani ya ukuta yanaoshwa kwa maji? Halafu ule mpira unanipiga shoti, ni kawaida? Mama Zawadi.

JIBU: Marahaba, Mama Zawadi. Nianze na la haraka: msiiwashe tena mpaka hiyo ndoo iwe tupu. Kule kuzima yenyewe si ubovu, ni mashine inajiokoa. Ndani yake kuna kidude kinachokata umeme mota ikipata joto la kupita kiasi, na joto linakuja kwa sababu hewa haipiti. Baadhi ya mashine hizi mota yake hupozwa na hewa ileile inayofyonzwa, kwa hiyo njia ikiziba ni kama umeibana pua. Ikipoa inawaka tena, unafagia dakika kumi, inazima. Mkienda hivyo mwezi mzima mtaunguza koili, na mota iliyoungua haisafishwi, inanunuliwa.

Mtungi wenyewe hauna cha kutisha. Juu kuna mota, chini ndoo, katikati chujio. Uchafu unaingia kwa bomba la ubavuni. Ule mzito, mchanga na punje za wali, unadondoka ndooni. Ule mwepesi unanaswa na chujio. Hewa iliyobaki inapita kwenye feni na kutolewa nje ya nyumba kwa bomba jingine, yaani eksozi. Hiyo ndiyo faida yake kuliko zile ndogo za kukokota: vumbi jembamba halirudi chumbani. Wala si mambo mapya. Vakyumu za mwanzo zilikuwa hivyohivyo, mashine huku, mpira kule. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alikuwa akiegesha yake barabarani London juu ya mkokoteni wa farasi na kuingiza mipira majumbani kupitia madirishani. Miaka hiyohiyo huko Marekani fundi bomba aitwaye David Kenney alikuwa akifunga mashine ndani ya majengo na kupitisha mabomba ukutani. Nasema fundi bomba makusudi, kwa sababu mpaka leo ndivyo ninavyoitazama kazi hii: ni bomba, ila linapita hewa badala ya maji. Nguvu ikipotea, ifuate hewa tangu inapoingia mpaka inapotokea, na utafika ilipokwama.

Kabla ya kugusa chochote, jua mna aina gani. Tazama karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mtungi, mara nyingi ina mchoro. Kuna zile zenye mfuko wa karatasi au kitambaa ndani, kama vakyumu ya kawaida ila mkubwa zaidi. Hizo humwagi kitu, unautoa mfuko ukiwa umefunga mdomo, unatupa, unaweka mwingine. Kuna zisizo na mfuko, zinazozungusha hewa kwa kasi mpaka uchafu ukatupwa pembeni na kushuka, na juu yake zina kipande cha sifongo au chujio la karatasi lenye mikunjo kama feni ya mkono. Na kuna zenye chujio la kitambaa lililopinduliwa kama kofia, katikati likiwa na uzito kidogo: mashine ikiwaka kitambaa kinavutwa juu, ikizimwa kinaanguka na kukung'uta vumbi lake ndooni. Mashine nyingine zina kishikio chini cha kukung'utia kwa mkono. Kwa nyumba ya miaka hiyo hapa jimboni Alberta, mimi ningebahatisha hii ya tatu, lakini fungueni muone kwa macho.

Sasa kumwaga. Mnahitaji mfuko wa taka mkubwa, ule mzito wa bustani na si ule mwembamba wa jikoni, magazeti ya zamani, barakoa za N95 kwa kila atakayekuwa humo, glavu, brashi ya rangi iliyo kavu, na kitambaa chenye unyevu. Watoto wabaki ndani na mlango wa kuingilia nyumbani ufungwe. Gari litoeni.

Hilo la gari nalisema kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mwezi wa Novemba, nilifungua ndoo ya mteja na mlango wa gereji uko wazi kabisa, huku Chinook inavuma. Mnaijua Chinook, ule upepo wa joto unaoteremka kutoka milimani na kuyeyusha theluji asubuhi moja. Klipu ya kwanza, klipu ya pili, ndoo ikashuka, na upepo ukaingia humo ndani bila hodi. Gari jeusi la mama wa watu likawa la kijivu, na mimi nikawa kama niliyetoka mashine ya kusaga. Hakusema neno. Aliniletea ufagio. Kwa hiyo chagueni siku tulivu, na mlango wa gereji uacheni wazi kiasi cha shubiri moja tu, hewa ipite chinichini bila kuvuma.

Chomoeni plagi ya mashine kwenye soketi. Si kuzima swichi tu, kuchomoa. Kama kuna kile kishikio cha kukung'utia, kivuteni juu na chini mara kumi hivi, kisha mwache mtungi utulie robo saa, vumbi lililotimka ndani lipate kutua. Watu wengi huiruka hii robo saa, na ndiyo inayoamua kama mtakohoa au hamtakohoa.

Tandazeni magazeti chini. Kisha uvisheni mtungi ule mfuko wa taka kutoka chini kwenda juu, kama unavyouvisha mto foronya, mpaka mdomo wa mfuko upite pale ndoo inapokutana na mtungi. Mume wako aishike ndoo kwa chini, juu ya mfuko, kwa mikono miwili. Wewe fungua klipu za pembeni, moja upande huu, nyingine upande ule. Baadhi ya mashine hazina klipu, ndoo inazungushwa kama kifuniko cha chupa. Nyingine zina wenzo mmoja mbele. Ndoo ya miezi kadhaa, tena mkiwa mmerithi na uchafu wa waliotangulia, itakuwa na uzito kuliko mnavyodhani, maana mchanga wanaomwaga barabarani wakati wa barafu wote unaishia kwenye zulia la mlangoni na kutoka hapo unaishia ndooni. Ishusheni polepole. Ukiidondosha, hata kutoka nusu mita, utakuwa umenifuata mimi na Chinook yangu.

Ndoo ikiwa tayari imo ndani ya mfuko, ipindueni humohumo, mdomo wa mfuko ukiwa umebanwa kwa mkono kuizunguka. Gonga kitako chake kwa kiganja, taratibu. Subiri dakika moja, ndipo uinyanyue. Kabla ya kufunga mfuko, mulika tochi utazame kilichotoka. Nimeshaona hereni, funguo za baiskeli, meno ya maziwa ya mtoto, na mara moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe alikuwa ameshainunulia nyingine. Ukimaliza, toa hewa kidogo kidogo, funga, na weka ndani ya mfuko wa pili kabla ya kutupa.

Harufu ya mbwa aliyelowa yaelekea ni ya mbwa kweli. Huenda wenye nyumba wa zamani walifuga, manyoya yake yamekaa humo, na kila mashine inapopata joto yanachemka. Osha ndoo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, isuuze, iache ikauke kabisa. Kukauka kabisa maana yake ni kesho. Wapo watakaokushauri unyunyizie magadi ya kuokea au unga wa manukato zuliani halafu uufyonze, ati mashine inukie. Mimi sikubaliani nao. Unga laini ndio unaoziba vitundu vya chujio kuliko kitu chochote, na harufu ya uchafu inaondolewa kwa kuuondoa uchafu.

Ndoo ikiwa chini, inua macho. Hapo juu ndipo lilipo chujio, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao wenyewe: wanamwaga ndoo, wanarudisha, wanashangaa mbona nguvu haijarudi. Chujio la kitambaa lililopinduliwa mara nyingi linakung'utwa hapohapo lilipo, kwa kulipigapiga kwa mkono wenye glavu, huku mfuko mwingine wa taka umekinga chini. Usilisugue kwa brashi ngumu wala usiliingize kwenye mashine ya kufulia isipokuwa maelezo ya mtengenezaji yameruhusu waziwazi; baadhi ya vitambaa hivi vina utando mwembamba unaozuia vumbi, na utando ukitoka vumbi linapita moja kwa moja kwenye mota. Sifongo unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, unakamuliwa bila kusokotwa, unaachwa saa 24. Majira ya baridi usiutundike gerejini, utaganda. Utundike ndani, karibu na mashine ya kupasha nyumba joto. Chujio la karatasi la mikunjo ligonge ukingoni mwa pipa mpaka liache kutoa vumbi. Kama mikunjo imegeuka rangi na haifunguki tena, limemaliza kazi yake, nunua jingine. Na lolote kati ya hayo likirudishwa lina unyevu, vumbi la kwanza litakalopanda litageuka uji, kisha uji ukauke uwe simiti. Nimeshakwangua simiti ya namna hiyo kwa bisibisi. Siitamani tena.

Bado kuna kitu kimoja hapo juu: ule mpira mwembamba unaozunguka mdomo, ndoo inapokalia. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, pitisha kidole mzunguko mzima. Unywele mmoja hauna neno, lakini punje ya mchele ikikaa pale inatosha kuvujisha hewa. Kama mpira umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo, na ni miongoni mwa vinavyosahaulika sana. Rudisha ndoo, hakikisha imekaa sawa pande zote ndipo ubane klipu, chomeka plagi. Kwenye baadhi ya mitungi kuna kitufe kidogo chekundu au cheusi ubavuni, kimeruka nje kama mashine ilijikata. Kibonyeze mara moja. Kikiruka tena papo hapo, usishindane nacho.

Haya, mabomba. Hapana, Mama Zawadi, hayaoshwi kwa maji, na aliyekuambia hivyo mshukuru halafu msahau. Yale si mabomba ya maji. Ni PVC nyembamba ya kipenyo cha inchi mbili, inayopanda na kushuka ndani ya kuta bila mteremko wa kumwaga kitu, na maji ukiyatia yatatuama kwenye kona, yachanganyike na vumbi, yaote ukungu. Yakifika kwenye mota, kwaheri. Bomba zuri linajisafisha lenyewe kwa kasi ya hewa. Kuna vitambaa maalumu vinauzwa, vya kufyonzwa kimojakimoja kutoka tundu la mbali kabisa la ukutani, pale mpira unapochomekwa, mpaka ndooni, vinafuta ukuta wa bomba njiani. Vinasaidia kidogo kwenye harufu, sina ugomvi navyo, ila njia iwe wazi kwanza, la sivyo kitambaa nacho kinakuwa kizibo.

Kujua kama njia iko wazi, tumia kiganja. Mtungi wenu bila shaka una swichi yake. Mtu mmoja akae gerejini awashe, wewe uzunguke nyumba nzima ukifungua kifuniko cha tundu mojamoja na kukiziba kwa kiganja. Anza na lile lililo karibu na gereji, maliza na la mbali. Pale pazuri mkono utavutwa mpaka utumie nguvu kidogo kuubandua. Yote yakiwa dhaifu, tatizo liko kwenye mtungi: chujio, ndoo haikukaa, au eksozi. Moja tu likiwa dhaifu, tatizo liko kwenye tawi lake. Na yote yakivuta vizuri kiganjani lakini ukiweka mpira nguvu hakuna, basi mnyonge ni mpira, na kusema kweli huko ndiko ninakokuta vizibo vingi.

Tumia na sikio. Mota iliyozibwa hailii kwa uzito, inalia kwa sauti nyembamba, juu, kama mbu karibu na sikio, kwa sababu feni haina hewa ya kusukuma na inazunguka bila mzigo. Kama mlio ni wa kawaida, mzito, na bado huvuti kitu, basi hewa inavuja mahali: kifuniko cha tundu kimoja hakikufunga, au watoto wamekiegemezea kitu kile kidirisha cha chini ya kabati la jikoni, kile cha kusogezea takataka kwa ufagio, kikakaa wazi mchana kutwa.

Mpira ukizibwa, utandaze sakafuni ukiwa umechomolewa ukutani, na dondosha gololi ya mtoto upande mmoja. Inua taratibu, isikilize inavyobiringika. Itakaponyamaza, hapo ndipo. Kisha chukua mpira wa kumwagilia bustani, mkavu, na usukume ndani kutoka upande ulio karibu. Usitumie waya wa hanga wala mti wa ufagio wenye ncha. Mpira huu umetengenezwa kwa plastiki nyembamba yenye koili, na ndani ya ukuta wake zinapita nyaya. Ukiutoboa utakuwa umehama kutoka tatizo la bure hadi tatizo la dola mia kadhaa. Na gololi ihesabu: iliyoingia itoke.

Kizibo kikiwa ukutani, mara nyingi hakiko mbali. Mafundi wazuri waliofunga mifumo hii waliweka elbo kali kabisa nyuma ya tundu, makusudi, ili kitu kirefu kikwame pale karibu badala ya katikati ya nyumba. Mulika tochi. Katika nyumba zetu nakuta pini za ushungi zimejipanga kwenye hiyo elbo kama miiba ya samaki, na juu yake pamba, uzi, na nywele. Zitoe kwa koleo yenye mdomo mrefu. Kama huoni kitu, chomeka mpira, washa, ziba ncha yake kwa kiganja kwa sekunde tano, achia ghafla, ziba tena. Rudia mara kumi, kumi na tano. Yale mapigo ya hewa hulegeza kizibo kidogo kidogo. Ikishindikana, azima vakyumu ya karakana, ile ya kufyonza maji na vumbi la mbao, uiweke mdomo kwa mdomo na tundu hilo, mtungi wenu ukiwa umezimwa, uvute kinyume. Kilichoingia kwa mlango huo kitatoka kwa mlango huo. Kwa njia hiyo nimetoa soksi.

Nimezitaja nywele, ngoja nizimalizie. Nyumba inayosukiwa rasta sebuleni ina tatizo ambalo maelezo ya watengenezaji hayalijui. Nywele bandia hazikatiki kama nywele za kichwani. Zinajizungusha kwenye rola ya brashi ya zulia, zinabana, zinapata joto, zinayeyuka kidogo, na mkanda unaozungusha brashi unakatika. Kabla ya kuvuta zulia baada ya siku ya kusuka, okota mafungu makubwa kwa mkono. Kila mwezi igeuze brashi kichwa chini, imechomolewa, upitishe mkasi mdogo kwenye mfereji wa rola kutoka mwisho hadi mwisho. Dada mmoja aliniita akisema mashine imekufa. Ilikuwa rola yake imevaa wigi.

Eksozi haiishi gerejini. Zunguka nje ya ukuta utafute kibomba chenye kifuniko kinachopepea au wavu. Mashine ikiwaka unapaswa kuhisi hewa ya vuguvugu inatoka kwa nguvu. Theluji ikirundikana huko, au ndege akijenga, au manyoya yakagandamana kwenye wavu, mashine inapumua kwa shida hata chujio likiwa jipya. Kwenye njia hiyo kunaweza kuwa na kitu kama sailensa ya pikipiki cha kupunguza kelele. Ukikitikisa kikatoa vumbi, maana yake chujio limekuwa likipitisha. Ila ukikuta unga mweusi mwembamba kwenye ukuta karibu na mota yenyewe, huo si uchafu wa nyumba. Ni kaboni ya mota inayosagika kadiri inavyofanya kazi. Kidogo ni kawaida. Ukiambatana na cheche, harufu ya kuungua au mlio wa chuma kwa chuma, mwite fundi akague kaboni na beringi.

Shoti ya mpira ni kawaida ya nchi yenye hewa kavu. Hewa ya Calgary wakati wa baridi haina unyevu, vumbi linakimbia kwenye plastiki kwa kasi, umeme tuli unajikusanya, na wewe ndiwe njia yake ya kutokea. Ndio uleule unaokupiga ukivua sweta. Nyaya za swichi ya ukutani ni za volti 24 tu. Nyumba ikiwekwa unyevu kidogo, ile shoti inapungua, na ngozi za watoto nazo zitakushukuru. Lakini angalia jambo hili: kama mpira wenu una waya wa kuchomeka kwenye soketi kwa ajili ya brashi ya umeme, hiyo ni volti 120, na mpira wa namna hiyo ukichanika mpaka nyaya zikaonekana, hautumiki tena hata kwa selotepu. Na kama siku moja mashine itawaka yenyewe usiku wa manane, msiite mchungaji wala shehe. Kuna kitu cha chuma, aghalabu pini, kimegusanisha vidoti viwili vya chuma vinavyowasha mashine, vilivyo ndani ya tundu mojawapo.

Vya kutofyonza ni vichache, ila havina msamaha. Majivu ya mekoni, hata yakionekana yamepoa tangu jana: kaa moja lililojificha likikutana na ndoo ya vumbi na upepo wa mota, mmewasha jiko gerejini. Maji na chochote kibichi. Na vumbi la jipsamu mkija kurekebisha chumba cha chini. Lile lifyonzeni kwa vakyumu ya karakana yenye mfuko wake maalumu, maana linaziba chujio siku moja.

Baada ya hapo, ndoo imwageni ikifika nusu, msingoje ijae, kwa sababu ikipanda inaanza kuligusa chujio. Kwa nyumba yenye watoto na zulia, nadhani itakuwa kila miezi mitatu au minne. Mimi yangu naimwaga theluji ya kwanza ikidondoka, ikiyeyuka, na mara moja katikati ya kiangazi, na sijaandika kwenye kalenda yoyote.

Mkimaliza yote haya na tundu lililo karibu kabisa na gereji bado halishiki kiganja, mwiteni fundi. Akifika na neno lake la kwanza likawa kwamba mtungi ni wa zamani mnunue mpya, mwambieni awaonyeshe kwanza chujio, kaboni, na kipimo cha mvuto akiwa amekichomeka palepale mtungini, si sebuleni. Mashine ya 1993 iliyotunzwa bado inafanya kazi. Na kama ni mpira tu umechoka, pimeni ule mlionao kabla ya kununua, nyingi ni futi 30 au 35, na piga picha ya ncha yake inayoingia ukutani uende nayo dukani, maana vichwa havifanani na muuzaji atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote.